Nani Kamwambia Mwisho?

Mchimbaji wa visima alifika ofisini kabla ya mwenye ofisi. Inspekta alimkuta amesimama mlangoni, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kombo. Alikuwa mtu wa miraba minne, kazi yake kutoboa mwamba mpaka maji yapatikane, lakini asubuhi hiyo ungedhani yeye ndiye aliyetobolewa.

"Umempata?" aliuliza. Salamu hakuna.

"Tuingie kwanza, bwana. Mimi hata wezi huwa nawasalimia."

Serikali ilikuwa imeshamvua Inspekta sare siku nyingi, ila jina watu walikataa kumvua. Alifungua dirisha, akapangusa kiti kwa kiganja, akamwonyesha mgeni akae. Mgeni hakukaa. Juzi mchimbaji huyu alikuja hapa akasema mke wake ana mwanaume, akatoa anwani ya nyumba, akaondoka. Alipoulizwa amejuaje, alitazama dari.

"Leo utaniambia," Inspekta alisema. "Umenipa mke, umenipa nyumba, hujanipa sababu. Siwezi kufuata kitu ambacho hata wewe hutaki kukitaja."

"Sababu yenyewe ya aibu."

"Ndiyo hasa ninayoitaka."

Basi mchimbaji akakaa. Alijifuta uso kwa mkono mzima, akaanza.

"Mke wangu anapenda riwaya. Anazipenda vibaya! Mimi nikienda kuchimba, mwezi mzima sipo. Yeye mchana anashona mapazia, jioni anasoma. Riwaya za upelelezi, hizi za nani kaua. Akishika kitabu, hasikii. Nampigia simu, ananiitikia 'mh, mh', najua yuko huko kwenye kitabu na watu wake. Nikaona wivu."

"Wivu wa kitabu?"

"Usicheke."

"Sijacheka." Alikuwa amecheka, lakini ndani ya ndevu.

"Nikabuni mchezo, tangu mwaka tuliooana. Kabla sijaondoka, nachukua wembe, nakata sura ya mwisho ya kitabu anachokwenda kukisoma. Naitia mkobani, naondoka nayo. Yeye anajua, na alipenda. Anasoma mpaka pale palipokatika, basi, hana pa kwenda, ananisubiri mimi. Nikirudi namsomea mwisho mwenyewe, kwa sauti. Halafu tunaibandika kwa gundi. Mwisho ni wangu, Inspekta. Unanielewa? Mwanzo asome na nani sijui, mwisho ni wangu."

"Nakuelewa. Safari hii imekuwaje?"

"Nimerudi, sura nimeisahau kambini. Nikasema si kitu, nitamhadithia kwa mdomo. Nikataka na kumtania kidogo. Kitabu kinahusu tajiri aliyetiliwa sumu. Nikamwambia, aliyemtilia ni mtunza bustani. Mke wangu alikuwa anapinda upindo wa pazia. Hakuinua hata uso! Akasema, 'Si mtunza bustani. Ni dada wa marehemu.'"

"Na ni kweli?"

"Ni dada yake!" Mchimbaji alipiga meza, kalamu zikaruka. "Mwisho ninao mimi, yeye kajuaje?"

"Huenda alikisia. Wasomaji wa vitabu hivi wana macho."

"Akakisia na maneno? Alinitajia aliyosema yule dada alipokamatwa, neno kwa neno. Nikamuuliza nani kakwambia. Akanitazama hivi, akasema, 'Mtu.' Mtu! Kuna mtu amekaa na mke wangu, kanywa chai yangu, kamwambia mwisho!"

Mshipa ulikuwa umemsimama shingoni. Inspekta alishawahi kuona watu waliofumania kitandani kwa macho yao wakiwa wametulia kuliko huyu.

"Leo jioni nimewaita kaka zake wawili," mchimbaji alisema, sauti imeshuka. "Nipe jina tu. Ukinipa, leo leo anarudi kwao na cherehani yake, mbele ya kaka zake."

"Na nisipokupa?"

"Anarudi vilevile."

Inspekta alinyanyuka, akachukua kofia. Alipofika mlangoni akageuka. "Umesema uliisahau kambini. Umewahi kuisahau kabla ya hapo?"

"Kamwe," mchimbaji alisema. Kisha, kama mtu aliyeona jibu ni fupi mno, akaongeza, "Mtu huchoka, Inspekta."

*

Ukitaka habari za nyumba, usianze na mwenye nyumba. Anza na jirani. Jirani wa mchimbaji aliitwa Mama Pacha, na pacha wenyewe walikuwepo uani, mmoja anamvuta mwenzake nguo, wote wanalia. Mama yao alikuwa anaanika.

"Mimi si mtu wa kuchungulia," alianza. Alikuwa amesimama mahali pekee pale uani ambapo mlango wa jirani unaonekana wote.

"Hilo najua, mama. Nieleze tu ulichokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio. Usiniongezee cha kujijazia."

Hayo ndiyo maneno ambayo Inspekta alikuwa amewaambia mashahidi maisha yake yote. Aliyasema kwa fahari.

"Haya. Mumewe akiwa hayupo, kuna mtu huja. Alhamisi. Na pikipiki yake."

"Mtu gani?"

"Daktari. Daktari wa mifugo, wa huko vijijini. Ana buti za mpira mpaka hapa, zina matope ya mazizini, huziacha mlangoni. Kofia ngumu ya pikipiki huingia nayo ndani. Na ile harufu ya dawa, ee! Inavuka ukuta inanifuata mpaka jikoni."

"Hukaa sana?"

"Chai inanywewa, inapoa, inachemshwa tena."

"Wanafanya nini?"

"Sasa na mapazia yote yale madirishani, mimi ningeona wapi?" Alisema kwa uchungu wa kweli. "Ila nimesikia. Siku ya kwanza palikuwa kimya, kimya, halafu kilio. Wanalia wote wawili. Nikasema haya, kuna msiba. Alhamisi iliyofuata nikasikia kicheko. Wanacheka mpaka mtu anagonga meza. Nikamwambia mume wangu, hawa sasa wamefika mbali."

"Wamelia, kisha wakacheka."

"Mapenzi si ndiyo hayo? Au umeshasahau, Inspekta?"

Inspekta alikohoa, akashukuru, akaondoka na mali yake kichwani. Pikipiki, buti, kofia ngumu, harufu ya dawa. Daktari mwenye moyo mwepesi, analia mbele ya wanawake. Kabla hajafika mlango wa pili, yule daktari alikuwa ameshaota masharubu, tena mazuri, ya kuchanwa kwa kitana.

*

Chumba cha mbele cha mke wa mchimbaji kilikuwa kazini. Mapazia yalining'inia toka darini mpaka chini, mengine yana pini, mengine yamewekewa chaki, na katikati yao mwanamke mwembamba alikuwa nyuma ya cherehani, pini zimemkaa mdomoni. Ukutani kulikuwa na rafu ya vitabu.

"Nataka pazia, dada," Inspekta alisema. "La sebuleni."

"Dirisha lina upana gani?"

Inspekta alinyoosha mikono.

"Fimbo iko ndani ya fremu au juu ya ukuta?"

"Iko... iko pale pake."

Mwanamke alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto. "Mtu wa mapazia huja na kamba aliyopimia dirisha. Wewe umekuja na macho tu. Umeingia hapa, vitambaa vyote hivi hukuvitazama, umetazama rafu. Kaa, Inspekta. Na ukienda tena kwa Mama Pacha mwambie apunguze sauti, nimewasikia tangu mwanzo."

Basi Inspekta akakaa. Masikio yalipata moto kidogo, lakini mtu akishashikwa hana haja ya kuendelea kukimbia. Akanyanyua mkono kuelekea rafu. "Naweza?"

"Tazama. Ndiyo kazi yako."

Alivishika kimoja kimoja. Vitabu vya upande wa kushoto vilikuwa vinene mgongoni, vimevimba kwa gundi, sura zao za mwisho zimebandikwa kidogo upande lakini zipo. Alivyosogea kulia, uvimbe uliisha. Vitabu vipya vilikuwa vimekatwa safi kwa wembe, na pale palipokatwa hapakuwa na kitu. Si kimoja. Ni safu nzima ya vitabu visivyo na mwisho.

"Hivi havikubandikwa," alisema.

"Havikubandikwa."

"Mumeo kaniambia huwa mnabandika."

"Zamani." Alishika pazia, akaendelea kupinda, na vidole vyake vilikuwa na haraka kuliko sauti yake. "Zamani akirudi hata mkoba hajaufungua vizuri, ananisomea. Anaigiza wote. Mlevi ana sauti yake, hakimu ana sauti yake, kuna bibi kizee mmoja alimwigiza mpaka nikadondoka kitandani kwa kucheka. Siku hizi? Ananisimamia hapo, anatoa mwisho kama mtangazaji wa habari. Fulani kaua, fulani kakamatwa, usiku mwema. Sura iko wapi? Nimeisahau kambini."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Kamwe, alikuwa amesema mchimbaji. Inspekta alikirudisha kitabu mahali pake taratibu.

"Dada, nani alikuambia mwisho wa yule tajiri?"

"Mtu."

"Ana jina huyo mtu?"

"Analo. Na wewe una miguu." Kisha akainua uso, na Inspekta akaona kwamba macho yake nayo hayakulala. "Leo ni Alhamisi. Anakuja. Na kaka zangu wanakuja, sikuwaita mimi. Njoo na wewe, viti vipo."

"Wakikuta daktari hapa, hali itakuwa mbaya. Huogopi?"

"Naona wivu, Inspekta. Wivu unanila hapa." Alijigonga kifuani kwa kidole chenye kastabini. "Woga haujapata nafasi."

Inspekta alitoka na neno hilo likimkwaruza. Mume kuona wivu, sawa. Lakini mke, ambaye kila Alhamisi anatembelewa, anamwonea wivu nani?

*

Mjini palikuwa na mtu mmoja tu wa riwaya kuukuu. Watu walimwita Miwani, kwa sababu miwani yake ilifungwa kwa uzi na alipenda kuivua kila anapotaka kusema jambo. Duka lake lilikuwa uchochoro uliowekewa paa. Ukikodi kitabu, unarudisha. Ukikipenda sana, unanunua.

"Daktari wa mifugo," Inspekta alisema. "Buti za mpira. Umewahi kumwona?"

"Kumwona! Sitamsahau." Miwani ilivuliwa. "Watu wote huja hapa wakilia mwisho. Kurasa zimechanika, mtoto kachoma, mbuzi kala, wanataka mwisho. Huyu alikuja na mwisho mkononi, anatafuta mwanzo."

"Mwisho upi?"

"Wa yule tajiri wa sumu. Alifungua begi lake la dawa, katikati ya sindano na chupa, akatoa sura ya mwisho peke yake. Imekatwa kwa wembe, safi. Akasema, mzee nisaidie, nimesomewa mwisho huu nikalia, na sijui hata hawa watu ni nani."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema nakala yangu nilimuuzia mke wa mchimbaji, fundi mapazia, nenda pale kamwombe akuazime. Nikaelekeza nyumba."

Inspekta aliegemea rafu, akafumba macho. Mambo yalianza kukaa. Sura zilikuwa zinakatwa, zinakwenda kambini, hazirudi. Daktari yuko hukohuko vijijini, anaingia na kutoka kambini. Basi alikuwa anazidokoa mkobani mwa mchimbaji, moja baada ya nyingine, kisha anapanda pikipiki anamletea mke wa mwenzake. Ujanja ulioje! Badala ya maua, mwisho wa kitabu.

"Bwana huyo ni mwizi wa aina yake," alisema.

"Bwana yupi?"

"Daktari."

Miwani aliivaa miwani, akamtazama, akaivua tena. "Inspekta, daktari yule ni mwanamke."

Inspekta aliacha kuegemea rafu.

"Dada mzuri tu, kasuka nywele, mcheshi. Ana pete ya uchumba. Kaniambia mchumba wake anachimba visima huko kwao, ndiye humsomea, tena huigiza sauti zote. Kila akija kijijini huja na mwisho wa kitabu. Akimuuliza mwanzo uko wapi, anasema ulilowa kwa mvua. Ndipo yule dada akafikiri, ngoja nimtafutie mwanzo, nimpe zawadi."

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo kwamba ni mwanamke?"

"Mbona hukuniuliza?"

Masharubu yalianguka. Inspekta alirudi nyuma akapitia kila kitu alichoambiwa tangu asubuhi. Mtu. Daktari. Analia, anacheka, anakuja Alhamisi. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesema mwanaume. Mwanaume alimsema mchimbaji, na yeye Inspekta, na kelele zake zote za usijijazie, akajaza mpaka na kitana.

"Nenda kanywe maji," Miwani alimshauri.

Hakwenda kunywa maji. Alisogea mdomoni mwa uchochoro, akapiga simu.

"Una jina?" Mchimbaji alipokea kabla simu haijalia vizuri.

"Nina kazi yake. Daktari wa mifugo."

Inspekta aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Bwana, unanisikia?"

"Wa wapi?" Sauti haikuwa ile ya kupiga meza.

"Wa hukohuko unakochimba. Anakuja nyumbani kwako Alhamisi. Na leo ni Alhamisi."

Inspekta alisikia pumzi, halafu kiti kikisukumwa, halafu mlango. Mchimbaji aliporudi kwenye simu alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole, mwenye busara.

"Inspekta, sikiliza. Nimefikiri. Ndoa ni kuvumiliana. Nimemsamehe mke wangu. Kaka zake wakifika tu namsamehe mbele yao, yaishe."

"Unamsamehe kosa gani?"

"Kazi yako imekwisha! Nimekuajiri mimi, wewe ni mtu wangu. Funga mdomo."

Simu ilikatwa. Inspekta alibaki amesimama, watu wanampita. Kufukuzwa kwa kosa ambalo hukulifanya, hilo unaweza kulipinga. Lakini kusamehewa mbele ya kaka zako? Yule mwanamke angezeeka nalo. Kila akigombana na mumewe, kaka wangemwambia nyamaza, huyo alikusamehe. Inspekta aliwahi kufunga watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Alivaa kofia akashika njia ya nyumba ya mapazia, na safari hii hakuhitaji kuuliza mtu kitu.

*

Alikuta kikao kimeshaanza. Mapazia yalikuwa yamesukumwa ukutani kutoa nafasi. Kaka mkubwa alikaa kwenye kiti cha kushonea, mtu mzito asiye na haraka. Kaka mdogo alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anatafuta wa kupiga. Mke wa mchimbaji alikuwa pembeni, pini mdomoni. Mchimbaji alishika kikombe cha chai, anaongea mbio mbio, na sikio moja liko barabarani.

"Shemeji zangu, mimi nimekosewa ndani ya nyumba yangu. Lakini nina moyo. Nimesema nisamehe. Hakuna haja ya maneno mengi, kunyweni chai, nendeni salama."

"Chai yenyewe hatujamiminiwa, shemeji," kaka mkubwa alisema.

"Basi mtakunywa siku nyingine."

Inspekta alivua kofia mlangoni. Mchimbaji alipomwona, chai ilimwagika kidogo kwenye goti. "Huyu hana kazi hapa."

"Ana kazi," mke alisema kwa pini zilezile mdomoni. "Mimi nimemwalika."

Kaka mkubwa alimgeukia dada yake. Alimpenda, ilionekana, na ndiyo maana sauti ilimtoka nzito. "Dada, sijui umefanya nini na sitaki kujua. Mume amesamehe. Wanaume wa kusamehe jambo kama hili ni wachache. Mshukuru."

Mwanamke alizitoa pini. Alizichomeka kwenye kimto, na ya mwisho aliichomeka mpaka kichwa kikazama.

"Simshukuru. Aliwaita kaka zangu watoke kazini kuja kusikia nani kaniambia mwisho. Basi wasikie. Inspekta, wewe ndiye uliyelipwa kutafuta. Sema."

"Jina!" kaka mdogo alipaza. "Nipe jina la huyo mwanaume, mimi nitajua la kufanya!"

Inspekta alimtazama mchimbaji. Mchimbaji alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayeomba maji.

"Nimemtafuta mwanaume tangu asubuhi," Inspekta alisema. "Nimezunguka mji. Katika kesi hii nzima nimepata mwanaume mmoja tu."

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo. Ameshika kikombe."

Nje pikipiki ilizimwa. Buti zilivuliwa mlangoni, moja, ya pili. "Hodi," ilisema sauti ya mwanamke.

"Karibu, mwenzangu," mke wa mchimbaji aliitika.

Daktari aliingia na soksi, kofia ngumu kwapani, harufu ya dawa imemtangulia. Pete hakuwa nayo tena. Alimwona mchimbaji, akasimama. Kisha akafungua begi, akatoa sura za mwisho zimefungwa kwa bandeji ya ng'ombe, akaziweka mezani.

"Uliniambia mwanzo ulilowa kwa mvua," alimwambia.

Kaka mkubwa aliangalia karatasi, akaangalia rafu, akaangalia shemeji yake. Hakuwa msomaji wa vitabu, lakini hilo lilisomeka.

"Alipokuja mara ya kwanza," mke wa mchimbaji alisema, "alikuja kuniomba mwanzo. Nikauliza mwisho kautoa wapi. Tukaweka karatasi zake kwenye kitabu changu, zikakaa. Wembe ni uleule. Tulilia hapa mpaka chai ikapoa." Alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza sauti ilimtetemeka. "Kulala naye, nililia siku moja, nikanyamaza. Nikasema wanaume, safari, upweke, sijui nini. Lakini kumsomea! Mimi nikae hapa na vitabu vilivyokatika, nakungoja nusura nikate roho, na wewe mwisho wangu umeshamsomea mtu mwingine? Yule bibi kizee? Sauti ya bibi kizee umemwigizia?"

Mchimbaji aliweka kikombe chini.

"Aliniigizia," daktari alisema taratibu. "Nami nilikuonea wivu, dada. Wewe ulikuwa na mwanzo wote."

"Mke wangu, nisikilize," mchimbaji alisema, akainuka. "Ni ujinga, ni shetani, mimi—"

Mkono wa kaka mkubwa ulimshukia begani. "Kaa, shemeji. Chai bado."

Mke alikwenda kwenye rafu, akachukua kitabu cha yule tajiri. Alichukua na kopo la gundi. Alifungua bandeji, akapekua, akaitoa sura yake, akaipaka gundi ukingoni, akaibandika na kuibana kwa kiganja, bila haraka, kama anavyobana upindo. Watu wote walimtazama. Kaka mdogo alikuwa ameshusha mikono.

Akasoma. Alisoma sura nzima, kwa sauti, pale pale amesimama. Mtunza bustani alikuwa na sauti yake, hakimu alikuwa na sauti yake, na dada mtu alipokamatwa akasema maneno yale, daktari aliinamia kofia yake na Inspekta akajikuta anatazama dirishani. Mchimbaji alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, na huenda yalikuwa ya kweli, Inspekta hakuulizwa.

Mwanamke alifunga kitabu. Alikwenda nyuma ya mlango ulipokuwa mkoba wa safari, haujafunguliwa vizuri tangu arudi, akakitia kitabu ndani, akavuta zipu, akauweka mkoba miguuni pa mumewe.

"Safari hii usikate," alimwambia. "Ondoka nacho chote."